Vita vya Panzi Si Furaha Yetu

Naomba kujibu neno lisemwalo sana barazani siku hizi. Watu husema ati Uchina imeinuka, Marekani yaogopa, basi hawana budi kupigana. Tena wengine hulisema kwa kicheko, wakinena, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru." Nami nasema neno hilo lina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni huko kusema kwamba hawana budi. Sikatai kwamba Uchina imeinuka. Mwaka 2010 iliipita Japani, ikawa ya pili kwa utajiri baada ya Marekani. Mwaka 2018 Marekani ilianza kutoza ushuru mpya juu ya bidhaa za Uchina, nayo Uchina ikalipiza. Lakini kuinuka kwa mmoja si kuanguka kwa mwenzake. Mwaka 1895 Waingereza, waliokuwa wakubwa wa bahari, waligombana na Marekani, iliyokuwa ikiinuka, kwa ajili ya mpaka wa Venezuela na koloni yao ya Guyana. Maneno ya vita yalisemwa. Hata hivyo Waingereza walikubali shauri lipelekwe kwa waamuzi, hukumu ikatolewa mwaka 1899, wala mataifa hayo mawili hayakupigana.

Wadachi na Waingereza hawakufuata njia hiyo. Tangu mwaka 1898 Wadachi walijenga manowari nyingi. Mwaka 1906 Waingereza wakashusha majini Dreadnought, manowari iliyozipita zote kwa nguvu. Kila mmoja aliposema, "Najilinda tu," mwenzake alisikia, "Nitakupiga." Kuni zilikuwa zimekwisha kauka, mwaka 1914 kibiriti kimoja kilichowashwa Sarajevo kikatosha. Basi kilicholeta vita si ukubwa, bali ni kiburi na hofu, navyo mwanadamu aweza kuvitawala akitaka.

Kosa la pili ni hiyo furaha. Ndugu zangu, ni nani aliyetudanganya kwamba sisi ni kunguru? Ugomvi ule ulianza Ulaya, lakini Novemba 1914 risasi zililia Tanga. Wazee wetu walitwaliwa kuchukua mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, vyakula vikanyang'anywa vijijini, na makumi ya maelfu ya wapagazi wakafa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa wapagazi hao. Na vita vilipokwisha, nchi ilipewa bwana mwingine, wala mwenyeji hakuulizwa.

Labda mtu atasema, "Mwalimu, sisi wanakijiji tutafanya nini?" Kwanza tuache kushangilia. Reli ya kwenda Zambia tulijengewa na Wachina katika miaka ya 1970. Dawa za UKIMWI wengi wetu walizipata kwa fedha ambazo Marekani ilianza kuzitoa mwaka 2003. Vyote viwili vilitufikia wakati wa amani kati yao. Mwenye kununua kwa wawili hana sababu ya kutamani duka moja liungue.

Basi mtu akisema barazani, "Waacheni wapigane," mwulizeni kwa upole: safari hii mizigo itachukuliwa na mwana wa nani?