Udongo juu ya Mwamba

Juma hili tuvuke bahari kwa fikira, twende hata mji wa New York, katika Marekani. Katikati ya majumba yake marefu imo bustani ya watu wote, jina lake Central Park, yenye hektari 341 hivi. Mgeni huidhani ni kipande cha pori kilichosazwa na wajenzi. Sivyo. Ilipoanza kutengenezwa kwa shauri la Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, mwaka 1858, palikuwa mahali pa mawe na mabwawa. Mwamba ulipasuliwa kwa baruti, na udongo mzuri ukaletwa kutoka New Jersey, ng'ambo ya mto, maana ule wa pale haukutosha kulisha miti.

Mwamba wenyewe ungali unaonekana. Ni jiwe liitwalo shisti, gumu, lenye kumetameta, lililofanyika chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Mgongoni mwake imo mifereji myembamba iliyonyoka. Nani aliichonga? Ni barafu nene iliyofunika nchi ile yapata miaka 20,000 iliyopita. Ilisogea polepole, ikiburura mawe chini yake, nayo yakaukwaruza mwamba.

Basi, mwamba ulistahimili barafu, lakini udongo ulishindwa na miguu. Udongo ulio hai una vitundu vingi ambamo hewa na maji hupita. Ukishindiliwa na nyayo, vitundu hufumba. Mvua haipenyi, mizizi hukosa pumzi, majani hufa, kisha maji hutelemka na udongo wenyewe. (Sisi tufagiao ua kila asubuhi hata jani moja lisibaki, tunajua maji ya mvua hupita hapo kwa mbio gani.) Ndivyo ilivyokuwa miaka ya 1970 katika Sheep Meadow, uwanja ambao kondoo walilishwa hata mwaka 1934: palibaki vumbi tupu. Wala hakuna mtu mmoja aliyeuharibu. Kila mmoja alikuja kucheza tu.

Mwaka 1980 watu wa mji waliunda chama cha kuitunza bustani. Wakati uleule uwanja ulipandwa majani upya, na makutano makubwa ya muziki yakakatazwa pale. Hata leo, mvua ikilowesha udongo, uwanja hufungwa na bendera nyekundu hutundikwa. Watoto waliokuja na mpira huitazama, hugeuka, hurudi kesho.