Msiwanyang'anye Simu, Wapeni Cha Kuandika



Leo tunasema bila kupepesa macho. Tumechoka kusikia kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kuandika, na kwamba dawa ni moja tu: wanyang'anywe simu.

Nendeni Mchikichini, pale Ilala jirani na Kariakoo, ambako wengi wetu tukivuka bahari hupita kutafuta mitumba. Binti anayeuza blauzi anaupiga picha mzigo mpya, anaandika chini yake maneno ya kumvuta mteja, anafuta, anaandika tena mpaka yakae sawa. Huyo ndiye tunayeambiwa hapendi kuandika! Mpeni insha ileile ya miaka yote, msomaji wake mwalimu mmoja mwenye kalamu nyekundu, atalitazama daftari tupu mpaka kengele ilie. Hakukosa akili wala maneno. Amekosa picha ya kuanzia na mtu wa kumwandikia.

Vyote viwili vipo mtandaoni. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na kusoma ni bure. Mtoto anaweza pia kutunga yake: anachagua picha, anaandika sentensi moja au mbili, anahamia ukurasa mwingine, mpaka kinatoka kitabu ambacho mdogo wake atakisoma. Anayeogopa insha haogopi sentensi moja.

Mtasema simu ina machafu. Ni kweli, na hatuwaambii mumwachie chumbani usiku. Kaeni naye sebuleni. Na programu inayomtungia insha nzima, yeye akanakili tu, hiyo ikatazeni, maana nayo inamnyang'anya kalamu.

Lakini hofu hii tunaijua, ni ya zamani. Bibi zetu wengi wa pwani walifundishwa kusoma Qur'ani, kuandika wakanyimwa, eti wataandika barua za mapenzi. Waliowanyima walisahau kwamba Shifaa bint Abdillah ndiye aliyemfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume (s.a.w.). Walimsahau Mwana Kupona wa Pate, ambaye mwaka 1858 alimwachia binti yake wosia kwa utenzi. Jana ilikuwa kalamu, leo ni simu, na anayenyimwa ni binti yuleyule.

Nanyi mabibi harusi mnaohesabu sare, ukumbi na mpambaji, msidhani haya hayawahusu. Mwanamke aliyezoea kuweka neno lake kwenye maandishi hulitaja sharti lake la ndoa mapema, kabla walii na mashahidi hawajakaa. Asiyezoea huandikiwa na wengine, kisha huambiwa atie saini. Na watoto mtakaojaaliwa wataiga wanachokiona kwenu.

Basi anzeni wiki hii. Baada ya Magharibi, nusu saa, simu ya mama, picha moja. Mwulizeni mtoto: nini kilitokea kabla ya picha hii? Aandike. Msimsahihishe herufi mpaka amalize, kisha asome kwa sauti nyumba nzima isikie, na baba naye akiwemo.

Allah awafungulie watoto wetu vifua na ndimi zao. Amin.