Cheti cha Mgonjwa, Lugha ya Nani?

Jamani waandishi wenzangu, hebu tuulizane. Karatasi inayoeleza hali ya moyo wa mtu huandikwa ili nani aielewe?

Mama yangu mkubwa, mkazi wa Mbagala, aliruhusiwa hospitali akiwa na karatasi moja mkononi. Imeandikwa: CCF, EF 30%, furosemidi 40 mg BD. Basi! Mtaani kila mtu akawa profesa. Jirani mmoja wa kidato cha nne akaisoma ile 30 kama alama za mtihani: "Mama kafeli huyu." Mwingine, eti zimebaki siku thelathini. Ndugu wakaanza kunong'onezana habari za kumrudisha kwao Rufiji.

Kumbe CCF ni moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha, ndipo maji yanajaa miguuni na mapafuni. Haina maana kwamba moyo umesimama. EF ni sehemu ya damu inayosukumwa nje na chumba kikubwa cha kushoto cha moyo kwa kila pigo. Hata moyo wenye afya hautoi yote. Hutoa kama asilimia 55 hadi 70. Asilimia 30 ni moyo dhaifu unaotaka dawa na uangalizi, lakini hukumu ya kifo siyo. BD ni mara mbili kwa siku. Na furosemidi hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo.

Mkojo huo ndio uliotuponza. Kila siku ya kwenda Kariakoo mama mkubwa alikuwa akiruka kidonge. Ndani ya daladala, kwenye foleni ile, choo utakipata wapi? Hakuna aliyemweleza kidonge kinafanya kazi gani, wala kwamba angeweza kumwomba daktari ampangie saa nyingine. Haukupita muda, miguu ikavimba, usiku akawa analala ameketi. Akarudi wodini.

Wapo wasomi watakaotuambia Kiswahili hakina maneno ya utabibu. Uongo mtupu! TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kama mshitakiwa ana haki ya kuielewa kesi yake, mgonjwa wa Temeke au Kinondoni kakosa nini?

Vifupisho vya madaktari sivigombi. Wagonjwa ni wengi, muda mchache, na wao kwa wao wanaelewana. Waendelee navyo ndani ya faili. Ila karatasi anayokwenda nayo mgonjwa nyumbani iwe na mistari minne ya Kiswahili: unaumwa nini, dawa hii inafanya nini, uinywe saa ngapi, na ukiona dalili gani ukimbie hospitali.

Na sisi tunaojiita waandishi? Kila siku mashairi ya moyo uliovunjwa na mpenzi. Moyo wenyewe, wenye vyumba vinne na vali zake, nani kauandika mtu wa Mbagala akauelewa? Kalamu tunazo, lugha tunayo. Tuanze na hiyo mistari minne, tuwapelekee madaktari waisahihishe. Na wewe msomaji, ukimsindikiza mzazi kliniki, usione haya. Kabla hamjatoka chumbani sema: "Daktari, naomba utuandikie na Kiswahili chake."