Kamera inaona wote, haimtambui yeyote

Leo tuongelee kitu ambacho siku hizi utakikuta kuanzia Mombo kule bondeni mpaka Lushoto mjini: kamera za ulinzi. Maduka ya pembejeo, nyumba za wageni, maduka ya dawa, kila mtu anataka awe nazo. Sina ugomvi na kamera. Ugomvi wangu ni maswali tunayomuuliza muuzaji. Tunauliza ina megapikseli ngapi, inaona usiku, na bei ya mwisho ni ipi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: "Lenzi yake ni milimita ngapi?" Na hapo ndipo pesa zetu zinapoliwa.

Waliopita kwenye fizikia ya sekondari wanaukumbuka urefu wa fokasi. Kwenye boksi la kamera huandikwa kwa milimita: 2.8, 4, 6, 8, 12. Namba ikiwa ndogo, kamera inaona eneo pana lakini kila kilichomo kinakuwa kidogo. Namba ikiwa kubwa, eneo linakuwa jembamba lakini kilichomo kinaonekana kikubwa. Huwezi kupata vyote viwili kwa lenzi moja kwa wakati mmoja.

Aliyewahi kusimama kwenye mwamba wa Irente ananielewa. Pale unaiona Mazinde yote na tambarare inayoelekea Mkomazi, dunia nzima iko miguuni kwako. Sasa jaribu kusoma namba ya basi linalopita kule chini kwenye barabara ya Same. Unaona kila kitu, humtambui mtu. Lenzi ya milimita 2.8 ni Irente iliyofungwa juu ya mlango wa duka.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Chukua umbali kwa mita, zidisha kwa upana wa kitambuzi cha mwanga kilicho ndani ya kamera (kwa kamera nyingi ndogo ni kama milimita 4.8), kisha gawa kwa milimita za lenzi. Unapata upana wa eneo litakaloonekana. Kwa mita 10, lenzi ya 2.8 inaona upana wa mita 17. Ya 4 inaona mita 12. Ya 8 inaona mita 6 tu.

Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Zigawe kwa mita 17, unabaki na kama pikseli 112 kwa kila mita. Uso wa binadamu una upana wa kama sentimita 16, kwa hiyo unaambulia pikseli 18. Huo si uso, ni doa. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2014 kilitaka pikseli 250 kwa mita ili mtu usiyemjua atambulike bila shaka. Lenzi ya 8 inakupa 320 palepale. Na usidhani megapikseli zitakuokoa: hata kamera ya megapikseli 8, ikiwa na lenzi ya 2.8, inafikisha kama 224 tu kwa umbali huo.

Kwa nini nalivalia njuga suala la milimita? Kwa sababu picha mbovu ina madhara yake. Katika kazi hii ya habari nimeonyeshwa picha kwenye simu: mtu kavaa koti kubwa na kofia, kama nusu ya wakazi wa Lushoto mwezi wa saba, uso ni ukungu mtupu. Lakini kila anayeitazama anamwona yule aliyekuwa akimshuku tangu zamani. "Si yule kijana wa pale stendi?" Jamani, tunajua neno "mwizi" linavyokimbia nchini kwetu. Tunajua "wananchi wenye hasira kali", maneno tunayoyaandika magazetini kana kwamba ni utabiri wa hali ya hewa. Picha ya doa mikononi mwa watu wenye hasira ni hatari kuliko kutokuwa na picha kabisa.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imefungua mlango wa ushahidi wa aina hii mahakamani. Lakini hakimu atauliza swali lilelile: huyu ni nani?

Mtanijibu kwamba lenzi pana inaokoa gharama, kamera moja inamaliza kiwanja chote. Sikatai, lenzi pana ina kazi yake: kueleza nini kimetokea, saa ngapi, na mtu kaelekea wapi. Oktoba 2018, Mohammed Dewji alipotekwa Dar es Salaam, aliyekuwa IGP Simon Sirro alieleza jinsi kamera zilivyosaidia kufuatilia gari. Ila "nini" na "nani" ni maswali mawili, na kila moja linataka lenzi yake. Kama pesa inatosha kamera mbili za bei nafuu, moja iwe pana na nyingine iwe nyembamba, ielekee mlangoni au kaunta, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Isipandishwe darini ikapiga picha za kofia. Na kwa ukungu wa Usambara, kamera ikae karibu na mlango. Usiku taa zake zikigonga ukungu, mwanga unarudi na picha inakuwa nyeupe.

Kuna na la jirani. Lenzi pana mno inameza na uani kwake, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Uso wa mtu ni taarifa yake.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pochi, hesabu hatua kutoka ukutani mpaka mlangoni. Kwa megapikseli 2, lenzi ya 2.8 inatambua sura mpaka kama mita nne na nusu. Zaidi ya hapo, mwambie fundi alete lenzi nyingine. Akikuambia milimita hazina maana, tafuta fundi mwingine.

Nawakilisha.