Subiri Ujenge Kwako

Kuna sentensi moja ambayo mpangaji wa Dar es Salaam huambiwa na kila mtu anayemtakia mema: subiri ujenge kwako. Ukitaka mbwa, subiri ujenge kwako. Ukitaka kupaka ukuta rangi ya kijani, subiri. Ukitaka kupigilia misumari ya kutundikia picha, kwa nini uharibu ukuta wa watu? Subiri. Mimi niliambiwa hivyo nilipotaka meza ya treni, na makala haya ni jibu langu kwa wote walioniambia, kuanzia mama mwenye nyumba hadi mjomba wangu, ambaye nampenda na ambaye hatukubaliani mpaka leo.

Nieleze kwanza kitu chenyewe, maana wengi wakisikia treni ndani ya nyumba hufikiria kile kitreni cha plastiki kinachouzwa Kariakoo, kinachozunguka duara huku kikilia. Mimi najenga stesheni ya Tabora kwa kipimo cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho mtu mzima ana urefu wa sentimita 2 hivi. Reli zake hupitisha umeme wa volti 12, kichwa cha treni kina mota ndogo tumboni, na pointi nazibadili kwa waya ninaouvuta kwa mkono chini ya ubao. Ulaya, Marekani na Japani hii ni burudani ya watu wazima, yenye vilabu, majarida na maduka yake. Mwimbaji Rod Stewart alijenga mji mzima wa Kimarekani kwa kipimo hikihiki, kazi ya zaidi ya miaka 20, na alipokuwa safarini kwa maonyesho alikodi chumba cha ziada hotelini ili aendelee kujenga maghorofa yake. Hamburg kuna Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka 2001 na ndugu wawili mapacha ndani ya maghala ya zamani ya bandari, na watu hupanga foleni kuiona.

Miongozo ya mchezo huu huanza karibu yote kwa namna moja: chagua chumba. Gereji, au nafasi iliyo juu ya dari, au chumba cha chini ya ardhi. Mimi nimepanga chumba na sebule Changanyikeni. Juu ya dari yangu kuna popo, na chini ya sakafu kuna udongo wa mama mwenye nyumba.

Lakini sebule ninayo, na sebule ndiyo ninayotaka kuigombania.

Sebule ya Kitanzania ina katiba isiyoandikwa: sofa, meza ya kioo katikati, televisheni, kabati la vyombo. Sofa inafunikwa vitambaa isichafuke, vikombe vya kabatini havinyweshi mtu chai, na nyumba nzima inakaa mkao wa kumsubiri mgeni. Mgeni akija anakaa dakika 40, anakunywa soda, anasifia pazia, anarudi kwake kwenye sebule inayomsubiri mgeni mwingine. Nilichukua futi nikapima. Sofa yangu ya watu watatu ilikula sakafu ya mita 2 kwa sentimita 90, na katika miezi saba ilikaliwa na wageni mara nne. Siku nyingine zote ilikaliwa na nguo zinazosubiri pasi. Niliiuza kwa shilingi 180,000, na pesa hizo zikanunua plaiwudi, mbao na sehemu kubwa ya reli.

Stesheni yangu yote ina mbao mbili, kila moja sentimita 120 kwa 40. Ni chini ya mita moja ya mraba, karibu nusu ya sofa. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuniuliza sofa inanizalishia nini.

Mjomba aliuliza kuhusu treni. Alisimama pale palipokuwa na sofa, mikono kiunoni, akasema, "Mpwa wangu, hapa ungeweka friji. Wanafunzi wamejaa mtaa mzima, ungeuza barafu na juisi." Nikamwambia, "Mjomba, na ile sofa ilikuwa inauza nini?" Akacheka, akabadilisha mazungumzo. Sikumjibu kwa utovu wa adabu. Nilitaka jibu kwelikweli. Tumefika mahali ambapo kijana akiwa na mita moja ya mraba, ukoo mzima unaitazama kama fremu ya duka. Fanicha ya heshima inasamehewa, biashara inasifiwa. Kinachoshitakiwa ni kitu unachokifanya kwa sababu tu unakipenda.

Mama mwenye nyumba alikuja kwa mlango wa LUKU. Tuko wapangaji watatu kwenye mita moja, na tokeni zilikuwa zinaisha haraka. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Binti, hicho kiwanda chako kinakula umeme wa wenzako." Nikamwonyesha adapta. Treni ikikimbia inatumia kama nusu ampea kwa volti 12, yaani wati 6. Taa yake ya koridoni, inayowaka usiku kucha, ni ya wati 9. Aliisoma taa, akaisoma adapta, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Sawa mwanangu. Lakini mambo kama haya ungesubiri ujenge kwako."

Kumbe haikuwa hoja ya umeme. Mpangaji anaruhusiwa kulala, kupika, kufua na kupokea wageni wachache wenye adabu. Kuwa na kitu kinachoonyesha kwamba maisha yake yameshaanza ndiko kunakosumbua. Na watu hawasemi kwa ubaya. Wanaamini kabisa kwamba maisha huanza siku ya kukabidhiwa ufunguo wa nyumba yako mwenyewe. Nawajua waliojenga. Kiwanja miaka mitatu, msingi miaka miwili, kuta, mabati mkopo ulipopatikana, kuhamia kabla ya lipu kwa sababu kodi inauma. Wengi wao ukiwauliza walikuwa wanasubiri kufanya nini watakapojenga, hawakumbuki.

Najua pia jibu la upande mwingine: watu wanalala sita chumba kimoja, na wewe unatafuta nafasi ya treni. Nimelala wanne chumba kimoja, Tabora, hadi nilipomaliza darasa la saba. Chini ya kitanda kulikuwa na gari la waya la kaka yangu, lenye matairi ya kandambili na usukani mrefu wa fimbo, na hakuna mtu aliyewahi kusema linatubana. Wazee wetu wa pwani walifanya zaidi ya hapo, mchezo waliupa nafasi ndani ya ramani ya nyumba. Baraza la nyumba ya Kiswahili ni mahali pa kukaa, kupokea watu na kucheza bao mpaka jua lizame, na hakuna aliyewacheka wanaume wazima kwa kuhesabu kete. Nyumba zetu za kupanga zimeliondoa baraza, kisha tukaambiwa kwamba kutenga mahali pa kuchezea ni tabia ya kizungu.

Kuna utetezi mwepesi ambao marafiki zangu wananisukumia. Wanasema niwaambie watu kwamba mchezo huu unafundisha. Ni kweli, unafundisha. Katika chuo cha MIT kule Marekani kuna klabu ya treni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1946, na baadhi ya vijana waliokuwa wakilala chini ya meza zake wakiunganisha swichi za simu walikuja kuwa miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa programu za kompyuta. Msimamizi wangu wa tasnifu naye anasema niuite mbinu ya utafiti. Tasnifu yangu inahusu kodi ya kichwa wakati wa Mwingereza; haina treni ndani yake, na treni yangu haina tasnifu. Siutaki utetezi huo. Nikiukubali, siku treni itakapokuwa haifundishi mtu chochote nitadaiwa nirudishe sofa.

Katika kuijenga, ukosefu wa nafasi ndio uliochora ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni karibu kilometa 1,250. Kwa kipimo changu ningehitaji zaidi ya kilometa 14 za reli, karibu safari nzima ya kutoka Mlimani hadi Posta. Kwa hiyo nilichagua mita 209 za stesheni moja tu, mbao mbili zinazounganishwa kwa bolti na nati, miguu ya kukunjwa, nyaya zimefungwa chini kwa plagi ili ziachane bila kukatwa. Seremala wa Keko alinitengenezea fremu, akaniuliza mara mbili kama ni jeneza la mtoto. Wajapani, ambao nyumba zao nyingi ni ndogo, walilitatua tatizo hili zamani: wapo wanaotandika reli sakafuni jioni na kuzirudisha kwenye boksi usiku, na kampuni ya Kato imekuwa ikiwauzia treni za kipimo kidogo kuliko changu tangu mwaka 1965. Ulaya kuna vilabu ambavyo kila mwanachama ana ubao wake nyumbani, wakikutana wanaunganisha. Anayekwambia mchezo huu ni wa wenye gereji ametazama picha za wenye gereji tu.

Upana wa reli ulinipa furaha ambayo sikuitarajia. Reli yetu ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. Kwa sababu ya milimita hizo 67 behewa la reli moja haliwezi kuingia kwenye nyingine, na pale Kidatu mizigo ilihitaji kupakuliwa upande huu na kupakiwa upande wa pili. Gawanya 67 kwa 87: haifiki hata milimita moja. Reli ya milimita 12 inayouzwa kwa kipimo changu inazifaa zote mbili. Mezani kwangu, behewa kutoka Kapiri Mposhi linaingia Tabora bila kumwomba mtu ruhusa.

Reli hiyo ya milimita 12 ipo madukani kwa sababu ya Uswisi. Kampuni ya Kijerumani ya Bemo hutengeneza treni za milima ya Uswisi, ambazo nazo hutembea kwenye reli ya mita moja, vichwa, mabehewa na kila kitu. Reli ya Tabora waliijenga Wajerumani, kwa jasho la watu wetu, kwa upana huohuo, lakini behewa lake sijaliona kwenye duka lolote. Nakata yangu kwa karatasi ngumu na plastiki. Abiria wanaouzwa wamevaa makoti ya baridi na kubeba fimbo za kuteleza kwenye theluji. Nawakata fimbo, nawapaka rangi upya, mmoja nimemvisha kanga na kumpa chupa za asali. Mtu mmoja ninayemjua hapa mjini, mwenye mchezo huu na nafasi kunizidi, ana milima yenye theluji iliyojaza chumba kizima. Ni mizuri. Namwambia kila tukionana kwamba nyuma ya nyumba yake kuna Pugu.

Sasa nifike kwenye sababu inayonifanya nisiweze kusubiri. Babu yangu ana miaka 79. Aliingia kazini mwaka 1968, wakati wa shirika la reli la Afrika Mashariki, na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akaendelea na shirika la Tanzania hadi kustaafu. Kazi yake ilikuwa kubadili pointi katika yadi ya Tabora. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, na tangu hapo Tabora ikawa mahali ambapo treni moja inakatwa ziwe mbili, Kigoma huku, Mwanza huku, na abiria aliyelala behewa lisilo lake anaamka ziwa jingine. Babu alifanya kazi hiyo usiku, kwa taa ya mkono.

Nilijaribu kumhoji kwa kinasa sauti. Alisema kazi ilikuwa ngumu na wazungu walipenda saa. Desemba nilipakia ubao mmoja kwenye buti la basi, nimeuviringisha blanketi, nikaenda nao Tabora. Nikauweka juu ya meza ya chakula. Babu aliuzunguka, akaomba miwani, akashika behewa kwa vidole viwili. Nilipotaka kulisukuma la kwangu, akanizuia. "Hilo hulitoi. La mbele yake limeshaondoka?" Halafu akaniambia pointi ipi ilikuwa ngumu masika, ipi ilihitaji kupigwa teke, wapi mwenzake alisimama na bendera, na nani alikatwa mguu, mwaka gani. Tulikaa mpaka saa tano usiku. Mengi ya aliyosema sijayakuta katika kitabu chochote nilichokisoma kuhusu reli, na nimesoma vingi.

Jicho lake la kushoto halioni tena, la kulia linafuata. Treni za umeme za reli mpya zilianza kubeba abiria kutoka Dar mwaka 2024, na reli hiyo inaelekea Tabora. Nikifuata ratiba ya waliojenga, nyumba yangu itapigwa lipu nikiwa na miaka 40. Naomba mtu yeyote anayeniambia nisubiri aniambie pia nitamwonyesha nani.

Mkataba wangu unaisha Machi, na mama mwenye nyumba ameshauliza kama nitahama na karakana. Nitahama nayo. Mbao zinapita mlangoni zikiwa zimesimama wima, na zinaingia kwenye Kirikuu pamoja na kitanda. Babu alipiga simu Jumapili. Amekumbuka njia fupi ya kando, nyuma ya ghala, iliyokuwa ikilaza mabehewa mabovu. Ubao wa pili una sentimita 11 zilizobaki upande huo, na mataruma nimeshaanza kuyakata.