Tengeneza Kitako, Usiguse Mtutu



Kiangazi kinapofika na majani ya pori kuungua, wengi wetu tunachukua konji na kwenda kijijini. Mwingine anabeba nyavu za samaki. Mwingine anatoa bunduki yake ya kupakia kwa mdomo, ile tunayoiita pupu, na kabla ya safari anaanza kuirekebisha: anakata hapa, anaongeza pale, anachomea kule. Ukurasa huu ni wa usalama na afya ya mfanyakazi. Mkono unaopasuliwa porini siku ya konji ndio ule ule unaongojwa kazini Jumatatu. Kwa hiyo leo tuseme juu ya bunduki.

Neno langu ni moja: sehemu ya mti katika pupu, itengeneze upendavyo. Chuma kinachobeba moto, usikiguse.

Bunduki hii si ngeni kwetu. Siku za Mwami Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, bunduki na baruti ziliingia Katanga zikibadilishwa kwa pembe za ndovu na shaba. Ndiyo maana wengine wanasema: « Babu zetu waliwinda nayo, mbona hawakufa? » Ndugu, hapo tunasahau jambo. Bunduki ya biashara ilitoka kiwandani, na mtutu wake ulifanywa kwa kazi ya bunduki. Huko Liège, Ubelgiji, tangu mwaka 1672 kuna nyumba ya kujaribu mitutu. Wanatia baruti kupita kipimo cha kawaida, wanapiga, kisha wanachunguza. Mtutu uliovumilia ndio unaopata alama, na kwa miaka mingi alama hiyo imekuwa herufi ELG. Pupu nyingi za leo zina nini? Zina tiyo ya maji.

Wewe unayefanya kazi ya mine unajua vizuri kupita wengine. Hewa ya kompresa inayosukuma mashine ya kutoboa mwamba ni bar 6 au 7 tu, na bado tunakukataza kusimama karibu na tiyo iliyochakaa. Baruti nyeusi ikiwaka ndani ya mtutu inafikisha mamia ya bar. Tiyo ya maji mara nyingi imekunjwa na kuunganishwa kwa mshono mrefu, na haikufanywa kwa mzigo kama huo. Inaweza kuvumilia mara kumi, mara hamsini, kila mara ikichoka kidogo bila wewe kuona. Siku moja inafunguka kwenye mshono, na mshono huo uko karibu na mkono wako wa kushoto na jicho lako. Katika atelie hakuna fundi atakayetia nguvu katika chupa ambayo haijajaribiwa. Kwa nini tukubali porini jambo tunalolikataa kazini?

Basi, nini unaweza kurekebisha bila hatari?

1. Kitako. Kunja mkono wako, weka mwisho wa kitako ndani ya kiwiko: kidole kifikie kifyatuo bila kujivuta. Kitako kifupi kinarudisha kidole gumba puani mwako. Kirefu kinateleza begani.

2. Shabaha ya mbele. Ifunge kwa mkanda wa shaba unaozunguka mtutu. Usitoboe mtutu, usiuchomee. Moto wa kuchomea unaharibu ugumu wa chuma, na tundu ni mwanzo wa ufa.

3. Ufito wa kushindilia. Huu ni mlinzi wako. Utie alama mbili za kisu: moja inayoonyesha mtutu mtupu, moja inayoonyesha mtutu uliopakiwa vizuri. Kwa alama hizi utajua kama bunduki ina baruti tayari, na hutapakia mara mbili. Utajua pia kama risasi imekaa juu ya baruti. Risasi ikiachwa katikati, na nafasi tupu chini yake, mtutu unavimba au unapasuka.

4. Kipimo cha baruti. Tengeneza kikombe kidogo cha pembe au cha mwanzi, na pima kila mara. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Cheche iliyobaki ndani ya mtutu itapanda na kuwasha chupa yote mkononi.

5. Malineti ya kazi. Vipande vya fataki vinaruka. Malineti unayovaa kwa kusaga chuma yanafaa pia hapa.

Ukifyatua na bunduki ikanyamaza, usiichungulie. Ielekeze mahali pasipo na mtu na uhesabu dakika moja nzima. Baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa. Jioni osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe, upake mafuta. Masizi ya baruti yanavuta unyevu, na kutu inakula mtutu kutoka ndani, mahali usipopaona.

Risasi za batri ya gari nazo tuziseme. Usiyeyushe risasi jikoni wala katika sufuria ya chakula. Vumbi lake na moshi wake vinaingia katika damu ya watoto, vinaleta tumbo kuuma, upungufu wa damu na akili nzito shuleni.

Sasa neno chungu. Kuna wanaofikiri kwamba dawa ya kulipulia mwamba, au baruti iliyotolewa katika risasi za kisasa, itaipa pupu nguvu. Baruti nyeusi inawaka na kusukuma. Dawa ya mine haisukumi, inavunja: mlipuko wake unakwenda maelfu ya mita kwa sekunde moja. Ilifanywa ili ipasue mwamba, nayo itapasua mtutu wako na wewe pamoja. Baruti ya risasi za kisasa nayo ina nguvu kupita mtutu wa pupu. Anayetoa dawa hiyo mine anapoteza kazi, anaenda gerezani, tena anapeleka kifo nyumbani kwake.

Tusisahau sheria. Ile ya tarehe 28 Mei 1982 inadai ruhusa ya kuwinda, na ile ya tarehe 3 Septemba 1985 inasimamia silaha. Lakini hapa nasema kama mtu wa dispanseri: woga wa sheria usikuue. Tunapokea watu waliokaa siku nne na kidonda chini ya kitambaa kwa sababu bunduki haina karatasi, kisha wanatuambia walikatwa na panga. Tukidanganywa, hatutafuti vipande vya chuma vilivyobaki ndani. Kazi yetu ina siri yake. Sema kweli.

Ajali ikitokea: damu ikitiririka, kandamiza kwa kitambaa safi na uinue mkono. Mahali palipoungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Jicho lililochomwa usilisugue, usitoe kitu, lifunike bila kulikandamiza. Usipake majivu, mafuta wala mavi ya ng'ombe: ndani ya mavi hukaa mdudu wa pepopunda. Kidole kilichokatika, kifunge katika kitambaa safi chenye maji kidogo, kitie katika mfuko wa plastiki, kisha mfuko juu ya barafu kama ipo. Halafu lopitali haraka, na uombe sindano ya pepopunda.

Ndugu, kama pupu yako ni ya tiyo ya maji, usitafute namna ya kuiimarisha. Haina dawa. Ondoa kitako chake kizuri, kitunze, na tiyo irudi kubeba maji. Nyama ya pori ni tamu, lakini watoto wako wanaila kwa mkono unaofanya kazi.