AFYA NA MICHEZO: Maji ya mukimbiaji, ngapi na ndani ya nini?



Kila asubui, mbele jua halijapanda, vijana wanajaa barabarani. Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, ni vilevile. Wengine wanafanya futingi ya kilometa tano na kurudi kuoga. Hao wakunywe kopo moja ao mbili nyumbani, inatosha. Leo tunasema na wale wenye wanakimbia kilometa 10, 15, hata 21, muda wa saa moja mpaka mbili ndani ya vumbi, mikono mitupu. Ukiwauliza maji iko wapi, wanajibu: "Tutakunywa tukifika." Mama nyumbani naye ana neno lake: "Maji yenye nilichemsha ni ya batoto, hapana ya kukimbia nayo." Wote wawili wana sababu yao, tuone kama wanaweza kupatana.

Mwili unatoa jasho juu ya kujipoza. Mukimbiaji anaweza kupoteza nusu litri kwa muda wa saa moja wakati wa baridi, na wakati wa joto litri moja na nusu, wengine zaidi. Huku kwetu kuna mutego. Tuko juu: Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari, Kolwezi imepita 1,400. Mwezi wa sita na wa saba hewa ni baridi na kavu, jasho linakauka mbele hujaliona. Kijana anagusa shati, anakuta ni kavu, anasema: "Mie sikutoka jasho." Alitoka. Atazame kofia yake ginsi chumvi nyeupe imejichora pale. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza sawasawa, hapo hakuna mwenye kubisha.

Unataka kujua wewe mwenyewe unapoteza maji ngapi? Inaomba mizani tu. Kama kwenu hakuna, omba ku dispansere, ao kwa mutu wa soko mwenye kupima mifuko. Jipime mbele ya kukimbia, ukiwa na nguo chache, kisha jipime tena ukirudi, umejipangusa jasho. Kilo moja yenye imepungua ni karibu litri moja ya maji. Tuseme ulitoka na kilo 60, ukarudi na 59 na gramu 200, na njiani ulikunywa nusu litri. Mwili ulitoa 0.8 na 0.5, ni kusema litri 1.3. Fanya vile mara moja wakati wa baridi na mara moja wakati wa joto, uandike ndani ya kaye. Usichukue hesabu ya rafiki yako: watu wawili wanakimbia pamoja, mumoja analowa kama aliingia mutoni, mwingine hapana.

Sasa, kujua hesabu ile hakuombi urudishe yote palepale. Ni hapa waganga wenyewe walibadilisha mawazo. Mwaka wa 1996 chama kikubwa cha waganga wa michezo cha Marekani, American College of Sports Medicine, kiliwashauri wakimbiaji wakunywe juu ya kurudisha jasho lote, ao maji yote yenye tumbo linaweza kupokea. Wengi walishika neno lile kupita kiasi. Ku mbio za Boston za mwaka wa 2002, zile za kilometa 42, waganga walipima damu ya wakimbiaji 488. Katika kila mia moja, 13 walikuwa na chumvi ya damu yenye imeshuka mno, na watatu kati ya wale wote walikuwa karibu na hatari ya kufa. Katika mbio zilezile mwanamuke mumoja kijana alikufa kwa ugonjwa ule. Kiu haikumuua; maji mengi yalichanganya chumvi ya mwili mpaka ubongo ukavimba. Mwaka wa 2007 chama kile kikatoa mashauri mapya: usiache mwili upungue zaidi ya kilo mbili kwa kila mia, lakini pia usikunywe kupita jasho lako. Mukimbiaji mwenye anarudi na uzito kupita ule wa kutoka, alikunywa mingi.

Basi kanuni yetu ni nyepesi. Muda wa saa mbili mbele ya kukimbia, kunywa makopo mawili, karibu nusu litri, halafu ukojoe. Mukojo ukiwa mweusi kama chai ya kavu, bado hauko tayari, ungoje. Njiani kunywa ukisikia kiu, kidogo kidogo, mafunda mawili ao matatu. Kwa kilometa 10 za asubui ya baridi, kama ulikunywa nyumbani, unaweza kwenda bila kubeba kitu. Kupita pale, ao jua likiwa kali, beba nusu litri.

Na hapa tunafika ku matata ya kweli: namna ya kubeba. Litri moja ni kilo moja, na kilo moja ndani ya mukono mumoja kwa kilometa 15 inapindisha mabega. Nusu litri inatosha. Jaza chupa mpaka juu kabisa. Chupa ya nusu inapiga-piga, "chubwi, chubwi," na kukuchokesha bure. Ukishakunywa, chupa ya plastiki nyepesi uiminye mpaka hewa itoke, kisha ufunge. Badilisha mukono kila kilometa. Kama vidole vinachoka, funga kitambaa kuzunguka chupa na kuzunguka mukono, ili chupa ikae yenyewe bila wewe kuikamata kwa nguvu.

Wengine wanapenda kiuno zaidi. Kipande cha kitenge, mama anakishona mara mbili na kuacha mufuko nyuma, juu kidogo ya makalio. Unafunga kwa nguvu, chupa inalala pale. Ikiruka-ruka, ni kusema umefunga chini mno. (Mikoba ya duka yenye mipira ni mizuri, lakini kwa bei yake unapata vitenge vingapi?)

Kuna njia nyingine, na kwa maoni yetu inapita zote: usibebe. Chora mbio zako mviringo, upite mbele ya nyumba yenu kila kilometa tano, na mudogo wako akungoje ku mulango na kopo. Ao rafiki mwenye kinga akufuate na chupa. Usione haya. Eliud Kipchoge wa Kenya, siku alivunja rekodi ya dunia Berlin mwaka wa 2018 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39, alikuwa na mutu mwenye kinga wa kumupa chupa zake njiani. Kama Kipchoge alisaidiwa, wewe ni nani? Kuficha chupa ndani ya majani ya barabara tunakataza. Hujui nani aliipitia.

Wazazi, sasa tusikilizane vizuri, maana hapa katika miji ya migodi kuna hatari yenye haiko ku vijiji vingine. Kuna bidoni na chupa zenye zilibeba asidi, mazutu, ao dawa za kusafishia mawe. Zinaosheka, zinang'aa, zinauzishwa bei rahisi ku soko. Plastiki inakunywa dawa zile na kuzirudisha polepole ndani ya maji. Hata uoshe mara kumi na sabuni, bidoni ile si ya kubebea maji ya kunywa, si ya mukimbiaji, si ya mutoto. Chukua chupa yenye unajua ilibeba maji ao limonadi tu.

Vilevile usiiname kunywa ku kijito chini ya mugodi kwa kusema: "Nitachemsha nikifika kwetu, leo kidogo tu." Kuchemsha kunaua vijidudu vya kolera, hakutoi shaba wala asidi. Maji yakichemka yanapungua, chuma kinabaki palepale. Mwezi wa pili mwaka wa 2025, ngambo ya Zambia, ukuta wa bwawa la machafu ya mugodi ulibomoka karibu na Chambishi, maji ya asidi yakafika muto Kafue, samaki wakakufa na muji wa Kitwe ukakatiwa maji.

Na lile neno la mama? Yuko na haki. Maji yenye yamechemshwa yanaomba makala, na makala ni feza. Kijana mwenye anataka nusu litri ya kukimbia nayo, achote yeye mwenyewe bidoni ya litri 20 siku ile, hapana kumwachia dada yake, na achemshe yake mangaribi. Litri 20 ni kilo 20: hata ekipe kubwa haina mazoezi ya mikono kama yale.

Mwenye kuhara asikimbie. Akae, apewe maji ya chumvi na sukari: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vipimwe sawa na ukingo. Mukimbiaji mwenye afya haombi dawa ile; akirudi akunywe maji, ale bukari na mboga yenye chumvi, inatosha. Munkoyo wa leo ni mzuri, wa juzi wenye umeshakuwa mukali hapana.

Kama mwenzako njiani anaanza kusema maneno yasiyopatana, anayumba, ngozi inawaka moto, musimalize mbio. Mulaze kwenye kivuli, mumuvue shati, mumumwangie maji mwili mzima, mupepee, mutume mutu kutafuta gari ya kumufikisha ku hospitali. Akiwa hajielewi, musimumiminie maji kinywani.

Chupa, ukifika, ioshe na sabuni na maji ya moto, uigeuze mudomo chini, na uiache wazi mpaka ikauke. Ikianza kuwa na utelezi ndani ao rangi ya kijani, itupe, utafute ingine.